Kabla Hujaambiwa Tena "Dumisha Amani", Soma Kuhusu Wajir

Kuna neno limeharibika hapa Kenya, na neno lenyewe ni amani. Uchaguzi ukikaribia linatolewa kabatini na kupigwa pasi. Wasanii wanalipwa waliimbe, wanasiasa waliokuwa wakitukanana wiki jana wanavaa fulana nyeupe, na wewe unatumiwa ujumbe kwa simu ukiombwa uwe mtulivu. Halafu vijana wakiingia barabarani, kama Juni 2024 tulipokuwa tunaukataa Mswada wa Fedha, neno hilohilo linageuzwa rungu. Dumisheni amani. Maana yake: nyamazeni, rudini nyumbani.

Si jambo jipya. Wazazi wetu waliimbishwa "amani, upendo na umoja" miaka yote 24 ya Moi, na katikati ya wimbo huo kulikuwa na seli za mateso chini ya ghorofa ya Nyayo House. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna wataalamu wa amani, watu wenye vitabu na tuzo, mimi huguna kwanza. Na akiongeza kwamba ni wanawake, picha inayokuja kichwani wasee wengi wanaijua: mama mwenye sauti nyororo ameshika kipaza sauti, jamani watoto wangu, tupendane.

Ndiyo maana leo nataka kuwapeleka Wajir. Ni ndefu kidogo, tafuta chai.

Historia tuliyofundishwa shuleni huanza pwani na Waarabu na Wareno, inapanda reli mpaka Kisumu, inaingia msitu wa Aberdare kupigana, halafu inapandisha bendera Desemba 1963. Kaskazini inapata aya moja, na aya hiyo inaitwa Shifta. Ukitoka hapo unarudi zako kwa Mzee Kenyatta na maendeleo. Lakini kwa watu wa Wajir, Garissa, Mandera na majirani zao, uhuru ulikuja ukiwa umebeba bunduki. Kabla Mwingereza hajaondoka, mwaka 1962, tume ilitumwa kuuliza wakazi wa huko wanataka nini, na Wasomali wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Matakwa yao hayakufuatwa. Vita vikaanza, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari, na vita vilipoisha mwaka 1967 hali ya hatari haikuisha. Iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90. Fikiria hilo polepole: mtu angezaliwa, asome, aolewe, apate watoto, na muda wote huo anaishi chini ya sheria inayompa askari nguvu za ziada kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuchujwa na kupewa kadi maalum za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wewe hukupewa. Mimi sikupewa.

Katikati ya hayo yote kuna Wagalla. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wengine wakapigwa risasi. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ilizungumzia watu karibu 1,000, na wako walionusurika wanaosema hata hiyo ni ndogo. Kulikuwa na mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu pale Wajir. Alisaidia kutafuta miili na majeruhi na akahakikisha habari zinatoka nje. Alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake Somalia, na mwaka 2003, miezi michache baada ya kupewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, akauawa kwa risasi huko Borama. Huyo anastahili posti yake mwenyewe, nitairudia siku nyingine.

Nimeanza na hayo kwa sababu moja. Mtu wa Wajir akisema anataka amani, hamaanishi ile ya fulana nyeupe. Anajua serikali inaweza kuja na neno hilo mdomoni na lori la askari nyuma yake.

Sasa tufike miaka ya 90. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Mpaka wa Somalia hauko mbali na Wajir. Bunduki zikafurika, wakimbizi wakafurika, na ukame wa 1991 na 1992 ukaua mifugo. Ukiwa mfugaji, ngamia wako ndio benki, ndio mahari, ndio chakula cha mtoto. Wakifa, unaangalia ngamia wa jirani. Juu ya hapo kukaja uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na koo zikaanza kuhesabiana: nani ana watu wengi, nani ni mgeni, kiti cha bunge ni cha nani. Degodia, Ajuran na Ogaden, ambao walikuwa wameoana na kuchota maji visima vilevile kwa vizazi, wakaanza kuuana. Magari yalitekwa. Wafanyakazi wa serikali kutoka sehemu nyingine za nchi wakaanza kuondoka.

Vita vikaingia sokoni, na hapa ndipo hadithi yenyewe inaanza. Soko la Wajir ni la wanawake. Wao ndio wanaouza maziwa, mboga, sukari, nguo. Sasa mwanamke wa ukoo huu akawa hanunui kwa mwanamke wa ukoo ule. Wengine walizuiwa kuingia, wengine walipigwa palepale mbele ya meza zao. Mkishafika mahali mama hawezi kuuza maziwa kwa sababu ya jina la babu yake, mji umekwisha, hata kama majengo yamesimama.

Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964. Alikuwa mama kijana wakati huo. Alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja katikati ya 1993 risasi zililia karibu na nyumba, akamshika mtoto wake wakajificha chini ya kitanda. Asubuhi mama yake mzazi akamwambia kwamba mwaka 1966, Dekha akiwa mdogo, yeye pia alimficha chini ya kitanda vivyo hivyo, na risasi zilikuwa zinalia vivyo hivyo.

Sitaki kuongeza chumvi hapo. Ila hesabu miaka: 27. Mama, binti, mjukuu, kitanda kile kile.

Alichofanya Dekha si kuandika barua kwa rais. Aliwatafuta wanawake wenzake, na mwanzoni hawakufika hata kumi na wawili, wa koo tofauti. Na swali lao la kwanza lilikuwa dogo mpaka unaweza kulicheka: tufanye nini ili soko liwe salama? Hawakuuliza namna ya kumaliza vita wala namna ya kurekebisha makosa ya mwaka 1963. Waliuliza kuhusu soko.

Wakakubaliana kwamba mwanamke yeyote wa ukoo wowote aingie, anunue, auze, aondoke bila kuguswa. Halafu, na hii ndiyo sehemu watu huiruka wanapoisimulia kwa haraka, wakaweka waangalizi. Kila siku kulikuwa na wanawake waliopewa kazi ya kutazama. Mtu akitukanwa kwa ukoo wake au akifukuzwa mezani, habari inafika kwa kamati ndogo ya wanawake, na kamati hiyo inakwenda siku hiyohiyo kumaliza jambo kabla halijafika nyumbani kwa wanaume wenye bunduki. Baada ya muda si mrefu, soko likawa mahali pa kwanza Wajir ambapo vita havikuruhusiwa kuingia.

Ukiitazama vizuri, hiyo ni mitambo kamili. Wana kanuni moja ambayo kila mtu anaielewa. Wana watu wa kuona ikivunjwa, na wana watu wa kuchukua hatua haraka. Umoja wa Mataifa hutumia mamilioni ya dola kuunda kitu cha namna hiyo na mara nyingi hakifanyi kazi. Hawa walianzia kati ya mabati na mitungi ya maziwa.

Kisha wakawageukia wazee. Hapa kulikuwa na shida, kwa sababu kwa desturi ya Kisomali, kama kwa desturi nyingi za hapa kwetu, mambo ya vita na fidia huamuliwa na wanaume wazee chini ya mti. Mwanamke ni nani aende kuwaelekeza? Walilijua hilo na hawakulipiga kichwa ukutani. Kila mmoja akatumia ukoo wake mwenyewe, mjomba, baba mkwe, kaka wa mama, kuwafikia wazee wenye uzito. Na wakamtafuta mzee wa ukoo ulio mdogo kuliko wote, ukoo ambao haungeweza kumtisha mtu yeyote, wakamwomba awe msemaji. Mkutano ulipofika, ni yeye aliyesimama. Angekuwa mzee wa ukoo mkubwa, nusu ya waliokaa wangesikia mtego. Huyu hakuwa na la kushinda, wakamsikiliza.

Septemba 1993 wazee wa koo zote walitoa azimio lililoitwa Al Fatah, likaweka kanuni za kuishi pamoja na za kushughulikia mauaji na wizi wa mifugo.

Kilichofuata kinanivutia zaidi kwa sababu kinatuhusu sisi. Wanawake wale walijua azimio la wazee halimzuii kijana mwenye bunduki porini. Mzee amesaini, sawa, lakini mzee hapigi risasi. Kwa hivyo wakaanzisha kikundi cha vijana, wakawaendea wapiganaji wenyewe, wakawauliza mngetaka nini ili mziweke chini. Jibu lilikuwa lile ungelisikia leo Mathare au Kayole: kazi. Basi wakaenda kwa wafanyabiashara wa mji, ambao walikuwa wakipoteza mali kila barabara ikifungwa, wakawaambia nyinyi mnataka barabara, hawa wanataka riziki, kaeni pamoja. Hakuna mahubiri hapo. Kila kundi liliambiwa faida yake, kwa lugha yake.

Na serikali je? Hawakuikwepa, na hawakuiabudu. Waliwaendea maofisa wa wilaya na kuwaeleza kila hatua wanayochukua. Kufikia 1995 makundi yote haya, wanawake, vijana, wazee, viongozi wa dini, wafanyabiashara, mashirika na maofisa wa serikali, yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya. Kukaundwa vikosi vya kuitikia haraka: mzee, mwanamke, shehe na ofisa wa usalama ndani ya gari moja, kuelekea kule tukio lilikotokea kabla kisasi hakijapangwa. Fikiria watu waliokumbuka Wagalla vizuri, wamekaa gari moja na askari. Nani aliyewashawishi? Mimi ningependa kuwa nzi ndani ya gari hilo.

Mfumo wa Wajir ulinakiliwa wilaya nyingine za kaskazini, na mwaka 2001 serikali ikaunda kamati ya kitaifa ya kusimamia ujenzi wa amani chini ya Ofisi ya Rais. Baada ya ghasia za 2008 kamati za amani za wilaya zikasambazwa nchi nzima. Ukisikia leo kuna kamati ya amani ya kaunti yako, na pengine huna habari kwamba ipo, nasaba yake inarudi mpaka kwenye meza za maziwa.

Nimesema utaalamu, na nataka nibaki hapo kidogo kwa sababu naona watu wanavyoziandika habari hizi. Mwanaume akifanya kazi hii anaitwa msuluhishi, mwanadiplomasia, balozi. Mwanamke akiifanya anaitwa mama wa amani, kana kwamba imemtoka matitini pamoja na maziwa. Dekha alikuwa na mbinu, na aliweza kuifundisha. Aliyatoa ya Wajir, akayachambua, akaenda kuyafundisha Birmingham, Uingereza, kwa watu waliotoka kwenye vita vya nchi zao. Mwaka 2000 alikuwa mmoja wa waandishi sita wa kitabu Working with Conflict, ambacho mpaka leo wanafunzi wa taaluma hii hukitumia. Kabla ya kumsuluhisha mtu yeyote unachora: nani anapigana, nani ananufaika, nani ameumia lakini hasemi, nani anaaminika na pande zote. Yule mzee wa ukoo mdogo hakupatikana kwa bahati. Alipatikana kwa sababu kuna watu walikaa chini wakafikiria.

Alikuwa pia Mwislamu aliyeichukua dini yake kwa uzito, na hakulificha hilo katika mikutano ya Ulaya ambako watu hupenda amani isiyo na Mungu. Kwake, kuchunguza mgogoro kulianza na kuichunguza nafsi yako: umekuja hapa kwa ajili yao, au kwa ajili ya jina lako? Ningependa wanaharakati kadhaa wa mtandaoni walijibu swali hilo, na mimi nikiwemo kwenye foleni.

Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo watu huiita Nobel mbadala. Wangari Maathai aliipata 1984, miaka 20 kabla ya Nobel yenyewe. Wangari tunamjua, ana barabara, ana maswali ya mtihani. Uliza darasa lolote la Nairobi Dekha ni nani uone kimya.

Na tuzo hiyo ilikuja na muda mbaya, au mzuri, sijui. Wiki chache baadaye Kenya ilipiga kura. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yakatangazwa na nchi ikaanza kuungua. Wengi wenu mlikuwa wadogo, wengine hamkuwa mmezaliwa. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Ndani ya saa chache watu watano walikuwa wamekutana Nairobi na kuanzisha kikundi walichokiita Concerned Citizens for Peace: Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliyesuluhisha vita vya Sudan, Jenerali Daniel Opande aliyewahi kuongoza walinda amani wa Umoja wa Mataifa Sierra Leone, George Wachira, na Dekha. Wanaume wanne, na yeye.

Walichukua nafasi katika hoteli ya Serena na kila asubuhi milango ilikuwa wazi. Ungeingia, wewe ni mfanyabiashara, ni padri, ni kijana wa mtaani, ni mwandishi wa habari, unasema ulichokiona, na mkutano unaamua leo kifanyike nini na nani. Mtandao wa PeaceNet ulikusanya ujumbe mfupi wa simu kutoka mitaani na vijijini: hapa kuna kundi linajikusanya, pale kuna watu wanapangwa, tuma mzee fulani, mpigie askofu fulani. Hebu linganisha na soko la Wajir. Waangalizi, taarifa, hatua ya siku hiyohiyo. Ni kitu kilekile, safari hii kimepewa simu.

Kuna jambo jingine kuhusu watu wale watano ambalo silioni likitajwa. Kiplagat alikuwa katibu mkuu wa wizara ya mambo ya nje miaka ya 80, na alikuwa miongoni mwa maofisa wakuu waliofika Wajir kwa mkutano wa usalama siku chache kabla ya Wagalla. Alikanusha siku zote kwamba alijua kitakachotokea au kwamba alihusika. Baadaye alipofanywa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli, suala hilohilo lilizua mzozo mkubwa mpaka akakaa pembeni kwa muda. Na hapa, mwanzoni mwa 2008, yuko meza moja na binti wa Wajir. Siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwake Dekha. Naweza kusema tu kwamba alichagua kuketi, na kwamba mimi sina uhakika ningeketi. Ukiniuliza kama alikosea, nitakwambia nyumba zilikuwa zinachomwa siku hiyo na simu za yule balozi zilikuwa zinapokelewa.

Upatanishi rasmi ulifanyika hapohapo Serena, chini ya Kofi Annan, akiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Kila upande ulileta watu wanne mezani. Upande wa Kibaki mwanamke alikuwa Martha Karua, upande wa Raila alikuwa Sally Kosgei. Wawili kati ya wanane. Tarehe 28 Februari mkataba ukasainiwa na picha iliyobaki ni ya wanaume wakipeana mikono.

Julai 2011 Dekha alipata ajali ya gari kwenye barabara ya Garissa. Mume wake na dereva walikufa. Yeye alilazwa Nairobi, akafariki tarehe 14. Hakuwa amefika miaka 50. Mtu aliyepita kati ya bunduki za koo, barabara yetu ndiyo iliyomchukua.

Ningeweza kuishia hapo nikapata mioyo mingi kwenye maoni. Lakini kuna kitu kinanikera na nikikiacha nitakuwa naandika tangazo.

Wanawake walianzisha, wazee wakasaini. Al Fatah ni azimio la wazee. Na kadiri kamati za amani zilivyokuwa rasmi, zikapata barua yenye nembo, warsha na posho ya kikao, ndivyo viti vilivyozidi kukaliwa na wanaume. Ni kawaida: kazi ikiwa ya bure na ya hatari ni ya wanawake, ikianza kulipa inagunduliwa kuwa inahitaji uongozi. Vita navyo havikuisha kabisa. Mwaka 2014 Degodia na Garre waliuana tena kwenye mpaka wa Wajir na Mandera, na kamati zilikuwepo.

Halafu kuna hili. Mwaka 2001 wazee na maofisa wa wilaya za kaskazini walikutana na kutoa Azimio la Modogashe, mtoto halali wa mfumo ule wa Wajir. Lilisaidia, sikatai. Liliweka fidia wazi ili mauaji ya mtu mmoja yasigeuke vita vya koo mbili. Fidia ya mwanaume aliyeuawa: ng'ombe au ngamia 100. Fidia ya mwanamke: 50.

Najua kuna mizizi ya mila na ya fikihi nyuma ya hesabu hiyo, na kuna watu watakaonielimisha kwenye maoni, karibuni. Pia najua kwamba hesabu yoyote ya namna hiyo ni ya kusimamisha bunduki, si ya kupima roho. Lakini siwezi kusahau kwamba chanzo cha amani hiyo kilikuwa wanawake wasiofika kumi na wawili, na ilipoandikwa, wao wakahesabiwa nusu.

Na ni palepale ambapo maslaha huwaumiza wasichana mpaka sasa. Msichana akibakwa, wazee hukaa, ukoo wa mbakaji hulipa mifugo au pesa kwa ukoo wa msichana, yaani kwa wanaume wake, na kesi haifiki mahakamani. Koo zimebaki na amani. Yeye anakutana na yule mtu kisimani. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inakubali njia za jadi za kutatua migogoro, lakini inasema zisikiuke haki za kimsingi wala zisiwe kinyume na haki na maadili. Maandishi yapo. Wako wanawake wa kaskazini, wanasheria, wahudumu wa afya, viongozi wa vikundi, wanaobishana na wazee kuhusu kifungu hicho leo tunapoongea, na wanatukanwa na watu wao wenyewe kwamba wanavunja amani. Neno lilelile, rungu lilelile.

Nadhani mbinu ya Dekha ingewafaa: mtafute mzee ambaye hana la kushinda, msimamishe yeye aseme. Lakini nadhani pia kwamba safari hii haitoshi wazee kusema kwa niaba yao. Wanahitaji kuwa pale bei inapopangwa, wakiwa na kura.

Ombi langu ni moja. Habari nyingi za soko la Wajir zimehifadhiwa kwa Kiingereza, katika vitabu vya wasomi wa nje, na zinamtaja Dekha peke yake. Wale wengine walikuwa na majina. Walikuwa na meza namba fulani, waliuza vitu fulani, waligombana wao kwa wao kabla ya kukubaliana, na wengi sasa ni wazee. Kama una ayeyo aliyeuza maziwa Wajir mwaka 1993, muulize zamu yake ya uangalizi ilikuwa siku gani, na mtu wa kwanza aliyemripoti alikuwa amefanya nini. Mrekodi kwa Kisomali, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote anayoiweza. Akikubali nisikilize, nitumie.